Nani Alimhukumu Mganga?

Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mwaka 1925, na kwa waganga wengi wa Nyanza hiyo ndiyo iliyokuwa bodi yao ya kwanza ya nidhamu. Nyanya yangu, mama mzaa baba, alikuwa msichana huko Seme wakati huo. Baadaye akawa nyamrerwa, mkunga wa kijiji mwenye ujuzi wa mizizi na majani. Sheria haikumtaja mkunga. Ilimlenga anayejidai kuwa na nguvu za kichawi za kutia watu hofu au kuwadhuru, na hadi leo baadhi ya makosa yake yana kifungo cha hadi miaka 10. Lakini askari wa chifu hakuwa wakili. Akikuta kibuyu na mafundo ya mizizi yamening'inia chini ya paa, kwake huo ulikuwa uchawi, na mwenye nyumba ndiye aliyebeba mzigo wa kujieleza. Kama mgonjwa wake alipona au alikufa, hilo halikuwa swali la askari.

Naanza na sheria hiyo kwa makusudi. Mimi ni afisa wa kliniki mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na hospitali za kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi upande wa Homa Bay, na kwa miaka mingi wenzangu walinichagua niwasindikize walipoitwa kwenye vikao vya nidhamu. Vijana wanaohitimu siku hizi wanadhani mambo haya yalianza na mabaraza yenye tovuti na nambari za leseni. Yalianza mapema zaidi. Kila ngazi ya watibabu ilikuwa na hakimu wake, na ukiyafuata mambo hatua kwa hatua utaona jambo moja likijirudia: adhabu ilipimwa kwa cheo cha aliyetibu, mara chache sana kwa kidonda cha aliyetibiwa.

Kabla ya serikali kulikuwa na malipo ya awamu. Nyanya alitusimulia kwamba mtibabu alipewa kuku ili afungue mkoba wake, na mbuzi alikuja mgonjwa akishasimama. Mgonjwa akifa, mbuzi hakutoka zizini. Mtibabu aliyezikiwa wagonjwa watatu mfululizo hakuhitaji kufutwa mahali popote, kwani habari ilimtangulia sokoni, na wateja wakaanza kupita mbele ya boma lake wakielekea kwa mwingine. Nisipambe mambo lakini. Mjane aliyeshukiwa kwamba dawa zake zimeua mtoto wa mtu aliweza kufukuzwa kijijini usiku huohuo, bila shahidi na bila rufaa. Hukumu ya kijiji ilikuwa karibu na mgonjwa, ila haikuwa na utaratibu.

Reli ilifika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, Desemba 1901. Kufikia hapo malale yalikuwa yameshaanza kuua kwenye fukwe za ziwa. Upande wa Uganda pekee inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Huku kwetu visiwa na vijiji vya Usuba vilipoteza watu wengi, na bonde la Lambwe likaogopwa kwa vizazi kadhaa kwa sababu ya mbung'o wake.

Mwaka 1906 akaja Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Alipiga kambi katika Visiwa vya Sese, ng'ambo ya ziwa, na kuwadunga wagonjwa wa malale atoxyl, dawa iliyotengenezwa kwa arseniki. Vimelea vilipopotea kwenye damu kisha vikarudi, aliongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka, na macho hayakurudi tena. Koch alirejea Berlin mwaka uliofuata, heshima yake ikiwa pale pale.

Mtu anaweza kusema kwamba zama zile hazikuwa na maadili ya utabibu. Si kweli. Mwaka 1900, huko huko Ujerumani, mahakama ya nidhamu ilimtoza profesa Albert Neisser faini ya marki 300 kwa sababu aliwadunga wanawake majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila idhini yao, na serikali ya Prussia ikatoa agizo kwamba majaribio yasifanywe bila ridhaa ya mtu. Uingereza nayo ilikuwa na Baraza Kuu la Madaktari tangu 1858, na baraza hilo liliwafuta madaktari waliozini na wagonjwa wao, waliojitangaza magazetini, au waliowakopesha jina lao watu wasio na ujuzi. Kanuni zilikuwapo, faini zilikuwapo, mahakimu walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzivusha hadi Sese. Wale 22 hawakuwa na pa kupeleka malalamiko, na hakuna aliyekaa kuwasikiliza.

Mwaka 1910 Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, ilitunga sheria ya kuwasajili madaktari na madaktari wa meno. Kwa mara ya kwanza kukawa na rejista, na palipo na rejista pana uwezekano wa kumfuta mtu. Lakini mwanakijiji wa Asembo au Karachuonyo hakutibiwa na waliomo kwenye rejista hiyo. Aliyemtibu alikuwa dresa, kijana aliyesoma miaka michache misheni, akafundishwa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuchanganya dawa na kudunga sindano. Mafunzo ya wasaidizi wa tiba yalianza rasmi Nairobi mwaka 1927, katika chuo ambacho leo ni KMTC, Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920 yalijenga zahanati kwa kodi za watu, na dresa akakabidhiwa funguo.

Miaka hiyo ndiyo sindano ilipojipatia jina. Serikali iliendesha kampeni dhidi ya buba kwa sindano za bismuthi, na mtu aliyeishi na vidonda miaka mingi alidungwa mara chache vikakauka. Baada ya hapo, mgonjwa aliyepewa vidonge tu alijiona ameonewa. Nilipoanza kazi, nusu karne baadaye, bado wazee walikuwa wakinyoosha mkono kabla sijawauliza wanaumwa wapi.

Dresa alikuwa chini ya nani? Chini ya daktari wa wilaya na DC, yaani mkuu wa wilaya. Akichelewa, akilewa, akiuza dawa za serikali, alikatwa mshahara, alihamishwa au alifukuzwa. Na hapa ndipo ulipozaliwa ugonjwa ambao mpaka leo hatujaupatia tiba. Dresa aliyefukuzwa hakuwa na rejista ya kufutwa. Alirudi nyumbani na bomba lake la kioo, akalichemsha kwenye sufuria, akaendelea kudunga. Kijijini hakuna aliyejua kwamba amefukuzwa. Walichojua ni kwamba daktari sasa anaishi karibu. Serikali ilijilinda na mtumishi mbaya, kisha ikamwachia mwanakijiji. Baadhi ya wazee hao nimekutana nao mwenyewe. Walikuwa na mikono myepesi kuliko wanafunzi wengi niliowasimamia, na hawakuwa na mtu yeyote juu yao.

Waafrika waliosomea udaktari Makerere nao walisubiri. Mafunzo yalianza katika miaka ya 1920, lakini Baraza Kuu la London liliitambua stashahada yao mwaka 1957 tu. Kwa miongo mitatu walifanya kazi ya daktari kwa cheo cha msaidizi, wakisimamiwa na watu ambao mara nyingine waliwazidi kwa cheti tu.

Uhuru ulileta madaktari wetu na jengo letu. Hospitali Kuu ya Mkoa wa Nyanza ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ndiyo maana mpaka leo ukipanda bodaboda Kondele useme unaenda Russia, hutaulizwa swali la pili. Jina lake rasmi sasa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Rais Jomo Kenyatta aliifungua tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo alijibizana hadharani na Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, mawe yakarushwa na walinzi wakafyatulia umati risasi. Watu waliuawa mlangoni pa nyumba iliyojengwa ili watu wapone. Kwa hiyo Kisumu tulijifunza mapema kwamba hospitali ni mali ya siasa pia, na kwamba kuna vifo ambavyo hakuna kamati itakayoviuliza.

Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, ilitungwa 1977 na kuanza kutumika Januari 1978. Kanuni za vikao zikafuata 1979. Utaratibu ulikuwa huu: malalamiko yanaandikwa, yanapelekwa kwa Kamati ya Uchunguzi wa Awali, daktari anatakiwa ajibu na hospitali itoe faili. Kamati ikiona pana kesi, Bodi ya Madaktari inaketi kama mahakama, pakiwa na mshauri wa sheria, na daktari ana haki ya kuja na wakili. Akipatikana na hatia ya mwenendo wa aibu katika kazi yake, anaweza kupewa onyo, kusimamishwa kwa muda usiozidi miezi 12, au kufutwa kwenye rejista, na asiporidhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Ni utaratibu mzuri. Maneno yake mengi yalitoka London, na kikao chake kilikuwa Nairobi, kilomita zipatazo 350 kutoka hapa. Mama aliyefiwa na mtoto mtaani Nyalenda alihitaji nauli, mtu wa kumwandikia barua, na ujasiri wa kukaa meza moja na mawakili. Wengi walimwachia Mungu.

Tazama sasa mpangilio wa sheria zenyewe. Madaktari waliwekewa rejista mwaka 1910. Sheria ya Famasia na Sumu ni ya 1956. Sheria ya Wauguzi inayotumika leo ni ya 1983. Sisi maafisa wa kliniki tulipata baraza letu kwa sheria ya 1988. Kadiri mtibabu alivyokuwa karibu na mgonjwa wa kijijini, ndivyo sheria ilivyochelewa kumfikia. Katika zahanati ya ufukweni daktari alionekana kama mgeni wa serikali. Aliyepokea mtoto mwenye degedege saa nane za usiku alikuwa muuguzi au mtu kama mimi.

Kabla ya mabaraza hayo kushika kasi, tulihukumiwa kama makarani. Barua ilikuja kwenye bahasha ya kaki, ikikutaka uonyeshe sababu kwa nini usichukuliwe hatua. Ukisimamishwa, ulibaki na nusu ya mshahara huku karo za watoto zikibaki nzima.

Kikao kimoja sijakisahau. Hospitali siitaji. Muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku, peke yake na wodi mbili za uzazi na watoto, alishtakiwa kwa kuondoka kituoni bila ruhusa. Mezani palikuwa na kitabu cha ripoti ya usiku, jalada lake jekundu limefungwa kwa plasta ya bendeji. Mwenyekiti akasoma: saa tisa na robo, silinda ya oksijeni imekwisha, nimekwenda stoo. Saa tisa na dakika hamsini, mtoto amefariki.

"Sista, nani alikuruhusu kuiacha wodi?"

"Hakukuwa na mtu wa kuniruhusu, mzee. Ndiyo sababu nilikwenda mwenyewe."

Nikaomba kuuliza ufunguo wa stoo ulikuwa kwa nani, na kwa nini silinda ya akiba haikuwekwa wodini. Nikaambiwa hilo ni suala la utawala, halihusiani na shtaka. Na kwa kweli halikuhusiana, kwa sababu shtaka halikuwa kifo. Shtaka lilikuwa nidhamu ya kazi. Mama wa mtoto alikuwa nje, kwenye benchi chini ya mwarobaini, pamoja na shemeji yake. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mkutano kuhusu mtoto wao. Hakuna aliyewaita. Tulipotoka, shemeji aliniuliza, "Daktari, wamesema nini?" Nilikuwa nimekatazwa kusema. Muuguzi alihamishiwa kisiwani.

Kuhamishiwa kisiwani ndiyo adhabu ya ziwa letu isiyoandikwa katika kanuni yoyote. Mtumishi aliyegombana na mkubwa wake, aliyeshukiwa kuiba dawa, aliyesema sana kwenye mikutano, alijikuta ndani ya boti akielekea Mfangano au kisiwa kidogo zaidi. Kwa aliyeadhibiwa ilikuwa mbali na familia, bila nyumba ya maana, na mawimbi ya jioni yakimtisha asiyejua kuogelea. Lakini fikiria waliokuwa kisiwani. Wavuvi na wake zao, waliosumbuliwa zaidi na UKIMWI, kipindupindu na malaria kuliko watu wa bara, walipelekewa watumishi ambao wakubwa wamewachoka. Wengine walikuwa hodari kuliko waliowahamisha. Wengine walikuwa wazembe kweli, na kule hapakuwa na jicho la kuwaona. Kwa vyovyote, mgonjwa wa kisiwani ndiye aliyetumikia kifungo.

Miaka hiyohiyo ya UKIMWI ilionyesha upande wa pili wa mizani. Nyanza ndiyo iliyoumia kuliko mkoa wowote. Mwaka 1990 serikali ilizindua Kemron kwa kishindo kama dawa ya UKIMWI. Utafiti uliofuata haukuona faida yake. Mwaka 1996 Profesa Arthur Obel akatangaza Pearl Omega. Vijijini ng'ombe waliuzwa. Nakumbuka wanaume wakija na vikato vya magazeti mfukoni, wakinitaka niwaambie kama nimewahi kuiona hiyo dawa. Uongo wa matumaini unaweza kuua kama sindano mbovu, lakini ulipotangazwa na wakubwa haukuitwa kosa la nidhamu. Muuguzi aliyeacha safu tupu kwenye kitabu cha dawa ndiye aliyeandikiwa barua.

Mambo yalianza kubadilika Katiba ya 2010 ilipotoa haki ya afya na haki ya uamuzi wa haki kutoka kwa vyombo vya serikali. Mfano ulio wazi zaidi ulitoka Bungoma, si mbali na ziwa. Agosti 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya rufaa ya huko, akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Kuna aliyerekodi kwa simu, na nchi nzima ikaona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Katika wodi za Kisumu uamuzi huo ulijadiliwa kuliko waraka wowote wa wizara. Wenzangu wengine walilalamika kwamba wauguzi wamebebeshwa dhambi za serikali isiyonunua vitanda, na walikuwa na hoja, kwani uchungu ulipomshika mama yule kweli hapakuwa na kitanda cha kumlaza. Lakini kofi halinunuliwi na wizara. Na kwa mara hiyo moja, aliyeumia alikaa mbele kama mwenye kesi, akasikilizwa, akapewa jibu.

Sheria zimeendelea kuandikwa upya. Maafisa wa kliniki tulipata sheria mpya 2017. Mwaka 2019 Bodi ya Madaktari ikawa Baraza, na chini yake kuna Kamati ya Nidhamu na Maadili. Sheria ya Afya ya 2017 iliagiza kutungwa sheria ya kusimamia tiba ya asili, huku ile ya Uchawi ya 1925 ikiwa bado vitabuni. Ugatuzi wa 2013 nao uliwapa watumishi mabwana wawili: kaunti inayowaajiri na baraza linalowapa leseni. Mtu anaweza kufutwa kazi na kaunti huku leseni yake ikiwa hai, akafungua kliniki kesho yake. Ni dresa yule yule na bomba lake, ila sasa ana risiti ya M-Pesa. Na zile leseni zilizotundikwa ukutani mwa kliniki za mitaani, zenye jina la daktari ambaye hakuna mgonjwa aliyewahi kumwona, ni kosa lile lile la kukopesha jina ambalo London ililiadhibu karne iliyopita.

Kwa mabaraza ninaomba mambo matatu. Ketini huku: kesi iliyotokea Kisumu isikizwe Kisumu, na ya Mbita isikizwe Mbita. Mwiteni mgonjwa au ndugu zake ndani, wapeni nafasi ya kuuliza, na uamuzi wasomewe kwa lugha wanayoielewa. Na kaunti ikimfukuza mtu kwa kosa la tiba, jina lake lifike kwenye baraza wiki hiyohiyo.

Kwako msomaji, omba nambari ya leseni ya anayekutibu. Si matusi, ni haki yako. Tunza kadi na karatasi za kliniki. Ukidhulumiwa, andika tarehe, saa, jina la wodi na jina la aliyekuhudumia, siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijachakaa, kisha peleka barua kwa baraza husika na ubaki na nakala. Nimekaa upande wa washtakiwa kwa miaka mingi, na najua kwamba kikao kisicho na mlalamishi huishia kuzungumzia funguo, sare na saa za kazi. Nendeni mkalalamike. Mtibabu mwema hana cha kuogopa, na yule mwingine ameachwa vya kutosha.